Samiha Naye Aambiwe

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: mjamzito akikuuliza, "Mbona leo umekuwa mpole hivi?" na wewe una habari mbaya kifuani, utamjibu nini?

Luqmani aliulizwa swali hilo siku ya Jumatatu, jioni, hata viatu hajavua. Alimtazama mkewe. Samiha alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwenye ungo. Tumbo lilikuwa kubwa sasa, mimba ya miezi saba, na ungo ilibidi aushike kwa mbali kidogo.

"Jua tu," alisema Luqmani. "Jua la bandarini leo lilikuwa kali."

Samiha akatoa chuya moja, akaitupa. Hakuuliza tena.

Sasa nikueleze watu hawa ni nani. Luqmani alikuwa karani wa mizigo katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, hapa Tanga. Mkewe ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na anafundisha watoto wa chekechea Chumbageni. Wanaishi Mabawa pamoja na mama yake Luqmani, Bi Mize, ambaye ni mjane. Nyumba yao ni ya tofali za saruji. Ina vyumba viwili vya mbele, viwili vya nyuma, na ua wenye mpapai mmoja mkaidi usiozaa. Ukuta wa mbele umepakwa rangi. Wa nyuma bado. Samiha husema huo usipakwe kwanza, mtoto auchorechore mpaka achoke, ndipo wapake.

Nyumba hiyo waliipata kwa mkono wa benki, katika dirisha lile lisilotoza riba. Benki iliinunua nyumba, kisha ikawauzia wao kwa bei waliyokubaliana. Nao wanalipa kidogo kidogo, kila mwezi, kwa miaka mingi. Hati ya nyumba inakaa benki mpaka deni liishe. Wakishindwa kulipa, benki inaweza kuiuza nyumba ipate haki yake. Yote hayo walielezwa siku ya kutia saini. Waliitikia kwa vichwa, wakatoka na furaha yao, wakanunua maji ya miwa, na nusu ya maelezo wakayasahau palepale.

Siku ile ya Jumatatu, meneja alikuwa amewaita Luqmani na wenzake ofisini. Mizigo imepungua, alisema. Kampuni haiwezi kuwabakisha wote. Jina la Luqmani lilikuwa miongoni mwa wanaoondoka mwisho wa mwezi, yaani wiki ileile.

Alimweleza mama yake kwanza, uani, karibu na pipa la maji. Bi Mize alisikiliza huku ameshika kata mkononi. Maji yakamwagika yote kwenye kanga asijue.

"Ushamwambia mkeo?"

"Bado, mama. Nataka nile kwanza, kisha..."

"Kisha nini? Usimwambie! Mwanangu, mjamzito hatiwi jambo moyoni. Atapandwa na presha huyo, na mtoto tumboni ataumia. Mwambie umepewa likizo."

"Na benki?"

"Benki si hao wasiotoza riba? Basi watangoja. Hawana faida ya kukukimbilia."

Luqmani alitaka kubisha. Lakini alimwona Samiha kupitia dirishani, anajiinua kutoka mkekani kwa mikono miwili, anacheka peke yake kwa jinsi alivyokuwa mzito. Moyo wake ukalegea. Akasema, "Haya, mama. Nipo likizo."

Habari ya kufichwa mtu mmoja inahitaji watu wengi wa kuificha. Bi Mize alipita kwa jirani wa kulia, akamwonya. Akapita kwa wa kushoto. Akamwonya hata Kombo, muuza samaki wa baiskeli, kwa kuwa Kombo ana mdomo. Baada ya wiki mbili mtaa mzima ulijua kwamba Luqmani hana kazi, na mtaa mzima ulijua kwamba Samiha hajui. Wanawake wakawa wanamletea vyakula. Huyu kaleta bakuli la uji wa pilipili manga, yule kaleta mihogo ya nazi. Kombo akamwongezea changu mmoja juu ya wale aliowanunua, na alipoulizwa bei yake akasema, "Aa, huyo amejileta mwenyewe, dada," akakanyaga pedeli akaondoka.

Luqmani alishinda nyumbani. Alirekebisha bawaba za mlango. Alifagia paa. Alitafuta kazi kwa simu, kwa sauti ya chini, akiwa amejifungia chooni. Simu nyingine hakuzipokea kabisa. Benki ilimtumia ujumbe wa kumkumbusha kwamba siku ya malipo inakaribia. Aliufuta. Ikapiga. Aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza kana kwamba ikilala hivyo haitaita.

Mama yake hakukaa bure. Alikuwa ameshaongea na Abdulghani, mfanyabiashara mwenye nyumba kule Raskazone, mtu wa upande wa marehemu mumewe. Abdulghani alikuwa tayari kumalizana na deni la benki na kumpa Luqmani kitu kidogo cha kuanzia. Nyumba iwe yake.

"Kidogo mno, mama," alisema Luqmani. "Tumeshalipa miaka minne."

"Kidogo ni bora kuliko kunadiwa hadharani. Sikiliza. Samiha ni mimba ya kwanza, desturi yetu na yao ni moja, atakwenda kujifungulia kwa mama yake. Apelekwe Wete mapema, wiki ijayo. Akiwa huko, sisi tunahama polepole. Tunapanga vyumba viwili. Atakaporudi ana mtoto mkononi, hatauliza sana."

Luqmani aliitazama mikono yake. Kisha alikubali, na alipokubali alijihisi kama aliyemeza mwiba wa samaki. Haumuui, lakini kila akimeza mate anaukuta.

Siku mbili baadaye Bi Asmahani alibisha hodi. Bi Asmahani anakaa nyumba ya nne kutoka pale. Alifanya kazi benki miaka mingi, kitengo cha mikopo, sasa amestaafu na anafuga kuku. Alikuja na mayai kwa ajili ya mjamzito. Samiha alikuwa kazini. Bi Mize alikuwa amekwenda msibani mtaa wa pili. Luqmani alikuwa barazani peke yake.

"Shikamoo, Bi Asmahani."

"Marahaba, mwanangu. Likizo yako haiishi? Hata mawaziri hawapati likizo kama hiyo."

Luqmani alicheka cheko la kulazimisha. Simu ikaita. Akaigeuza.

"Namba gani hiyo inayokutoa jasho?" akauliza Bi Asmahani. "Kama ni mwanamke, sema nikuzabe kofi. Kama ni benki, sema nikae."

"Ni benki."

Bi Asmahani akavuta kiti, akakaa.

Luqmani alimweleza yote. Kazi, simu, Abdulghani, safari ya Wete. Bi Asmahani hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama alipanga mayai yake vizuri kwenye bakuli, moja moja, ndipo akasema.

"Awamu ya mwezi huu imeshapita?"

"Bado. Ni wiki ijayo. Ninayo hiyo moja. Ya mwezi ujao sina."

"Basi bado uko mahali pazuri. Mimi nimekaa upande wa pili wa ile meza, nitakwambia wanavyoona wao. Mteja aliyekosa kulipa na simu hapokei, wanamwona mtoro. Mteja aliyekwenda mwenyewe kabla hajakosa, akasema nimeachishwa kazi, wanamwona mtu mwenye shida. Hawa wawili hawapewi kiti kimoja."

"Lakini hawatozi riba. Mama anasema watangoja."

"Kutotoza riba si kusamehe deni. Nyumba yako ni rehani kwao, kama benki nyingine zote. Ni kweli hawawezi kuja kesho wakakutoa na vyombo vyako. Sheria inawataka wakupe notisi ya maandishi kwanza, na muda wa kulipa. Lakini kwa nini ungoje notisi? Nenda uombe kupangiwa upya mkopo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unawaambia: kipato changu kimeshuka, nipunguzieni malipo ya mwezi na mnirefushie muda. Au nipeni miezi kadhaa ya kupumua. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, lakini asiyeomba hapewi. Na uliza juu ya jumla. Kwenye mkopo wa riba, ukirefusha muda mara nyingi unalipa zaidi mwishoni. Kwenu ninyi bei iliwekwa tangu mwanzo, lakini uliza hivyohivyo, na jibu upewe kwa maandishi. Uliza pia kuhusu bima ya mkopo. Nyingine zinagusa kifo na ulemavu tu, nyingine zinagusa hata kupoteza kazi. Yako ni ipi?"

"Sijui."

"Hujui! Na unailipia."

Luqmani aliinamisha kichwa.

"Sasa kazini," aliendelea Bi Asmahani. "Wamekupa malipo ya notisi? Siku za likizo ambazo hukuzichukua? Kiinua mgongo?"

"Walisema tutaitwa."

"Usingoje kuitwa, nenda. Ukitoka hapo, nenda mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama umechangia muda unaotakiwa na umeachishwa si kwa kupenda kwako, lipo fao la kukosa ajira. Lina masharti yake, watakueleza. Na mkeo kama anachangiwa na shule yake, aulize fao la uzazi. Halafu mambo mawili usifanye. Usikope kwenye simu ili ulipe benki. Mikopo ile midogo itakumaliza kabla ya mkubwa. Na pesa ya kujifungulia isiguswe, hata benki wakulilie."

"Na Abdulghani?"

"Abdulghani hana kosa, anatafuta cha rahisi. Kosa ni lako unayeuza ukiwa na hofu. Tena utauzaje? Hati iko benki. Na nyumba ni ya ndoa, haiuzwi bila ridhaa ya mkeo." Akasimama, akajipangusa manyoya ya kuku kwenye baibui. "Haya. Mayai umpe Samiha. Na mimi naondoka, maana mama yako akirudi akanikuta nimekufundisha hivi, kuku wangu wataibiwa."

Kesho yake asubuhi Luqmani alikwenda benki. Alikutana na afisa wa mikopo aitwaye Zebedayo, kijana mrefu mwenye tai fupi. Luqmani alisema maneno yote aliyofundishwa. Zebedayo aliandika, akauliza maswali, akaandika tena. Hakumkemea. Luqmani alishangaa. Wiki zote zile alikuwa akiikimbia sauti ya mtu huyu huyu.

"Ombi lako linazungumzika," alisema Zebedayo mwishoni. "Umekuja mapema, hilo limekusaidia. Sasa, mkeo yuko wapi?"

"Mke wangu ni mjamzito."

"Hongera. Yuko wapi?"

"Yaani... hajaambiwa. Tunamficha, kwa ajili ya hali yake."

Zebedayo aliweka kalamu chini. "Kaka Luqmani, mkataba huu umesainiwa na watu wawili. Siwezi kuubadilisha na mmoja. Tena umeniambia yeye ana mshahara. Hesabu ya namna mtakavyolipa nitaifanyaje bila yeye? Mlete. Kiti kipo, na feni ipo."

Luqmani alirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alilolipanga lilibomoka. Alipofika, begi la Samiha lilikuwa kitandani, wazi. Bi Mize alikuwa akikunja nguo za kichanga na kuzitia begini. Samiha, aliyeomba ruhusa shuleni mapema siku ile, amekaa kwenye kiti, anamtazama tu mama mkwe wake anavyokunja.

"Samiha," alisema Luqmani. "Sipo likizo."

"Luqmani!" Bi Mize alipaza sauti. "Mwanangu, nyamaza!"

"Siwezi, mama. Nimeachishwa kazi. Mwezi ujao sina cha kulipa benki. Tulitaka kumuuzia Abdulghani nyumba ukiwa Wete."

Bi Mize alikuwa ameshika soksi moja ya mtoto, ndogo kama kidole gumba. Alimtazama Samiha tumboni, kama mtu anayengoja kitu kipasuke.

Hakikupasuka kitu. Samiha alivuta pumzi ndefu.

"Kazi nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kombo ananipa samaki bure, na mie nisijue kuna jambo? Kombo! Watu wa mtaa huu hata chumvi walikuwa hawaniletei, ghafla naletewa mihogo ya nazi kama mfiwa. Nikasema, ama Luqmani ameachishwa kazi, ama ameoa mke wa pili. Kwa wiki moja nilikuwa naomba Mungu iwe kazi."

Luqmani alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu Samiha hakuwa akicheka. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Lakini nyumba sikuijua. Nyumba mlitaka kuiuza nyuma ya mgongo wangu. Ningerudi na mtoto nisimame naye mlango gani? Mnasema mnanilinda na presha. Presha niliipata kwa kulala kila siku na mtu anayenidanganya. Nesi wa kliniki alinipima akaniuliza, mama, kuna kinachokusumbua? Nikasema, sijui. Kitu nisichokijua ndicho kilichonipandisha."

Bi Mize aliiweka soksi kitandani.

Samiha alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Benki wamesema nini?"

"Wanakutaka wewe."

"Basi nipe viatu vyangu. Vile vipana."

Walikwenda siku ileile, na Zebedayo alikuwa bado hajafunga. Samiha alikaa chini ya feni akauliza maswali kama anavyouliza watoto wa chekechea, mpaka jibu litoke sawasawa. Bima yetu inagusa nini? Ikawa haigusi kupoteza kazi. Basi hiyo tumeijua. Tukirefusha muda, jumla itaongezeka? Haitaongezeka. Iandike hapo. Tukipata pesa mbeleni, tunaweza kulipa zaidi tumalize mapema? Mnaweza. Hiyo nayo iandike.

Ilichukua wiki kadhaa na safari nyingi, maana karatasi za benki hazina mbio. Lakini ombi lilipita. Miezi mitatu wangelipa robo tu. Baada ya hapo malipo ya kila mwezi yangekuwa karibu nusu ya ya zamani, na miaka ingeongezeka. Luqmani alifuata haki zake kazini, akalipwa notisi na kiinua mgongo. Alikwenda mfuko wa hifadhi, akapeleka vielelezo, akarudishwa kwa kukosa kimoja, akapeleka tena, na fao likatoka. Abdulghani aliambiwa asante, nyumba haiuzwi. Hakukasirika. Alisema tu, "Mkibadili nia, namba yangu mnayo."

Vyumba viwili vya mbele vilipangishwa. Fundi wa friji aitwaye Fanueli aliingia na mkewe, na kodi yao ikawa inaingia moja kwa moja kwenye malipo ya benki. Chumba kimoja cha mbele kilikuwa cha Bi Mize. Alikitoa mwenyewe kabla hajaombwa, akahamia nyuma, chumba walichokuwa wamemwekea mtoto. Luqmani alianza kuwafanyia makarani wengine kazi za mafaili ya mizigo, kwa kulipwa kila faili. Haikuwa kama mshahara. Lakini ilikuwa kazi, na simu sasa aliipokea akiwa barazani.

Samiha hakwenda Wete. Alimpigia mama yake akamweleza yote, na mama yake akapanda boti akaja Tanga na kikapu cha karafuu, viungo na maneno mengi ya kuwasuta wakwe. Siku ya kujifungua ilipofika, Luqmani alikodi bajaji wakaenda hospitali. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Suhaila. Presha ya mama ilikuwa nzuri, nesi alisema, nzuri kuliko ya baba.

Siku ya arobaini wageni walipokwisha kuondoka, waliobaki walikaa uani. Mama wa Wete alikuwa amelala ndani kwa uchovu. Samiha alikuwa akila pilau iliyobaki sufuriani kwa kijiko cha mtoto. Bi Mize alimpakata Suhaila, na Luqmani alikuwa akikunja maturubai ya kukodi.

"Mama," alisema Samiha, "wewe Luqmani ulimzalia wapi?"

"Muheza, kwa mama yangu."

"Ukarudi hapa Mabawa?"

"Mabawa tulikuja baadaye. Nilikuwa na shamba langu la minazi Pangani, nilipewa na babu yangu, lina nyumba ndogo ya udongo. Nilitoka Muheza na mtoto wa siku arobaini mgongoni. Nikakuta nyumba ina watu wengine. Mume wangu alikuwa ameiuza, na minazi yote. Alikuwa na deni. Watu wote walijua. Walinificha kwa sababu ya mimba." Alimsogeza mtoto begani. "Waliniambia, si umezaa salama? Nikaitikia. Nikaona basi ndivyo mjamzito anavyotendewa."

Luqmani aliacha kukunja turubai. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia habari ya minazi hiyo.

"Hukumwambia baba kitu?"

"Ningemwambia nini? Kila mtu aliona amenifanyia wema." Bi Mize alimtazama Samiha, si mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama anayeomba apewe maji.

"Mimi nami nilitaka niambiwe."